Uzi: Kifaa kinachouma zaidi si kilichoharibika, ni kilichouawa kikiwa kizima

MzaniMkimya · #1 · mleta mada

Wakuu, habari. Nina dukuduku, nalitoa hapa.

Nina mzani wa kidijitali, ule wa kioo unaounganishwa na simu. Umenihudumia miaka minne bila kinyongo. Wiki iliyopita nimepanda, nikasubiri namba, kikaja kialama cha wingu lililokatwa mstari. Nikashuka, nikapanda tena. Wingu. Nikabadilisha betri. Wingu. Kumbe wenye mzani wamezima seva na kuiondoa apu yao. Mzani hautoi uzito mpaka uthibitishe akaunti, na akaunti yenyewe haipo tena duniani. Yaani nimeusimamia kwa kilo zangu zote, unazijua kabisa, na haunisemeshi.

Hoja yangu: kifaa kikifa kifo chake nasamehe, hata mimi nitakufa. Hiki kimeuawa kikiwa na afya tele. Na si cha kwanza. Revolv, kile kisanduku cha kuongozea taa na vitasa vya nyumbani, kiliuzwa dola 300. Nest, watengenezaji wengine wa vifaa vya nyumbani, wakainunua kampuni yake mwaka 2014, na tarehe 15 Mei 2016 wakazima huduma. Kisanduku kikabaki pambo la mezani.

Leteni visa vyenu. Na mniambie mwenye kosa ni nani.

---

Sina Chaja · #2

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, huenda mzani umeamua kukuhifadhia heshima.

---

JiniLaPrinta · #3

Pole mleta mada, lakini ngoja usikie la kwangu. Printa yangu ina skana juu. Siku hiyo sitaki kuchapa chochote, nataka kuskani karatasi moja tu, fomu ya kazi, mwisho saa sita usiku. Printa inasema: wino wa njano umekwisha.

Skana haitumii wino! Ni taa na kioo. Nikabonyeza "endelea", ikarudi palepale. Nikaizima na kuiwasha, ikaanza kujisafisha, inanguruma dakika nzima, ikamaliza na wino wa bluu uliokuwa umebaki kidogo. Sasa ikadai rangi mbili. Fomu nimeipiga picha kwa simu, kivuli cha kichwa changu kinaonekana juu ya sahihi.

Kampuni siitaji. Zote ni ukoo mmoja.

---

BisibisiMoja · #4

Nimefungua vifaa vya watu miaka mingi, naomba nipingane na #1. Seva kufungwa kunaudhi, lakini wengi wanalizwa na HARAKA, yaani kitu kinapelekwa sokoni hakijaiva. Chukua Samsung Galaxy Note 7. Imetoka Agosti 2016, mwanzoni mwa Septemba inarudishwa kiwandani kwa sababu inaungua, Oktoba imezikwa. Kiwanda kimoja cha betri kilikosea, dunia nzima ikaipata habari hiyo kwenye matangazo ya ndege: wenye simu hii msipande nayo.

---

Kobe Mwendo · #5

@BisibisiMoja rekebisha kidogo, mzee. Viwanda vilikuwa viwili na makosa mawili tofauti, ndiyo maana kisa kile ni cha ajabu. Samsung walitoa ripoti Januari 2017. Betri za kwanza zilibanwa pembeni, kona ya juu kulia: mfuko haukuwa na nafasi ya kutosha, ncha za elektrodi zikapinda. Wakaleta simu za kubadilishia zenye betri za kiwanda kingine, nazo zikawa na vijiba vya kulehemu vilivyotoboa kitenganishi, ule utando unaotenga pande mbili za betri, na baadhi hazikuwekwa hata utepe wa kuhami. Kwa hiyo mtu alirudisha simu inayoungua akapewa simu inayoungua kwa sababu nyingine.

---

BisibisiMoja · #6

Sawa, nimekubali kurekebishwa. Ila haraka ni ileile. Hata mara mbili zaidi.

---

Tarakimu · #7

Mimi ni mwandika programu na nasema si haraka wala si seva, ni uzembe mdogo ambao hakuna aliyeupima. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Zune, kichezeshi muziki cha Microsoft. Asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2008 zile za gigabaiti 30 ziliganda zote kwa pamoja. Siku moja, kila mahali.

Sababu: 2008 ulikuwa mwaka mrefu, na siku ile ilikuwa ya 366. Ndani kuna kipande cha programu kinachogeuza idadi ya siku kuwa mwaka. Kinauliza: je, siku zimezidi 365? Ndiyo, zimefika 366. Je, mwaka ni mrefu? Ndiyo. Basi, je, zimezidi 366? Hapana, ni 366 kamili. Hapo hakikuambiwa kifanye nini. Kikarudi juu kuuliza: je, siku zimezidi 365? Ndiyo... Kikazunguka hivyo kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Dawa waliyotoa wenyewe: acha betri iishe kabisa, subiri mpaka mchana wa tarehe 1 Januari, chaji, washa. Dawa ilikuwa mwaka mpya.

---

Sina Chaja · #8

Kifaa kilichopona kwa kulala njaa na kusubiri kesho. Huyo ni mimi kila mwisho wa mwezi.

---

Dada Waya · #9

Nimesoma #1 mpaka hapa, naona mnakwepa neno lenyewe: KUSUDI. Vinatengenezwa vife. Haya si maneno ya kijiweni. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva wakaunda umoja wao, Phoebus, wakakubaliana balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, na aliyezidisha akatozwa faini. Kama walifanya hivyo kwa balbu ya waya mmoja, simu yenye gundi kila kona wataionea huruma?

---

Kobe Mwendo · #10

Dada Waya, habari ya Phoebus ni kweli kabisa, faini pia ni kweli. Lakini kuna upande mmoja hausimuliwi. Balbu ya waya ukitaka idumu sana unaiwasha kwa moto mdogo, na ikiwaka kwa moto mdogo inatoa mwanga hafifu mwekundu huku ikila umeme uleule. Kwa hiyo saa 1,000 haikuwa hila tupu, ilikuwa pia mapatano kati ya umri na mwanga. Wenye tamaa walijificha nyuma ya fizikia, na fizikia haikukanusha.

---

Dada Waya · #11

Asante kwa somo. Ila mtu anayetoza faini kwa balbu kuishi muda mrefu hajali mwanga wangu. Nabaki palepale.

---

Nyundo Butu · #12

Mnasema kusudi, mnasema haraka. Nani anawalazimisha kununua toleo la kwanza? Mimi kifaa kipya nakiangalia miaka miwili kwanza, kama mchumba. Waliokimbilia miwani ya Google Glass mwaka 2013 kwa dola 1,500 leo wako wapi? Walitembea na kamera usoni, watu wakawapachika jina la matusi. Kosa la mnunuzi.

---

JiniLaPrinta · #13

@Nyundo Butu printa zipo tangu hujazaliwa. Nami nilipaswa kusubiri lini?

---

Nyundo Butu · #14

Printa naitoa kwenye hoja. Printa ni laana, haina toleo.

---

Kipepeo · #15

Nyundo, hoja yako ina tundu. Kuna walioteswa na toleo la pili, la tatu na la nne. Zile kibodi za Apple zenye kitufe chembamba walizoziita za kipepeo (jina langu halihusiani, msianze) zilianza 2015. Kitufe kilikuwa na nafasi ndogo mno chini yake, punje ya vumbi ikiingia kinakwama au kinaandika herufi mbili. Wakazirekebisha mara kadhaa, hata wakaweka utando wa silikoni chini ya vitufe, na Juni 2018 wakatangaza kuzitengeneza bure. Walirudi kwenye kitufe cha zamani cha muundo wa mkasi mwisho wa 2019. Hapo mvumilivu aliyesubiri miaka miwili angenunua ileile mbovu.

Na hamuwezi kusema ni kusudi, maana waliingia hasara wenyewe. Wala si haraka, miaka minne si haraka. Mimi naita KIBURI. Mtu ameamua kompyuta iwe nyembamba, basi vidole vyako vitajijua.

---

Tarakimu · #16

Nakazia. "Nembamba" imeua vifaa vingi kuliko maji.

---

Mpita Njia · #17

Nembamba ndiyo nini? Kompyuta ni nyembamba. Nimepita tu kurekebisha hilo.

---

Tarakimu · #18

Nimesahihishwa na mpita njia. Kibodi yangu nayo ni ya kipepeo.

---

Sina Chaja · #19

Nani anaikumbuka N-Gage ya Nokia, 2003? Simu iliyotaka kuwa mashine ya gemu. Ili kubadilisha gemu unafungua mfuniko, UNATOA BETRI, unachomeka kadi, unarudisha betri, unawasha upya. Na kupiga simu unaishika kwa ubavu, kama unajikuna sikio kwa sahani. Nani aliijaribu kabla ya kuiuza? Mwenye mkia?

---

Kobe Mwendo · #20

Waliirekebisha mwaka uliofuata, N-Gage QD, kadi ikaingia kwa nje na simu ukaiweka shavuni kama kawaida. Ila jina lilikuwa limeshaoza.

---

Mzee wa Kasha · #21

Vijana, naona mnazungumza kama vifaa vibovu vimeanza na intaneti. Mimi naleta hoja nyingine: kuna kitu kinachokuja MAPEMA. Newton ya Apple, 1993. Unaandika kwa kalamu juu ya kioo, inasoma mwandiko wako. Ilisoma vibaya hadi ikawa kichekesho cha magazeti, na toleo la baadaye lilipoanza kusoma vizuri hakuna aliyekuwa anasikiliza. Ikafungwa 1998.

Sasa tazama Palm Pilot, 1996. Hawa hawakujaribu kusoma mwandiko wa kila mtu. Walisema: wewe jifunze herufi zetu, A ni paa lisilo na boriti, T ni pembe tu. Watu walijifunza kwa siku moja mbili na wakaridhika. Newton ilimwahidi mtu kwamba itamwelewa. Palm ilimpa kazi ya nyumbani. Aliyepewa kazi akikosea anajilaumu mwenyewe, aliyeahidiwa analaumu kifaa.

---

Dada Waya · #22

Mzee, shikamoo. Hii ndiyo posti bora ya uzi huu na bado haijajibu nani muuaji.

---

Mzee wa Kasha · #23

Marahaba binti. Muuaji ni ahadi. Juzi tu 2024 Humane wameleta kile kibandiko cha kifuani, AI Pin, dola 699 na ada ya dola 24 kila mwezi, eti kitachukua nafasi ya simu. Februari 2025 HP wakanunua sehemu kubwa ya kampuni, mwisho wa mwezi huohuo seva zikazimwa. Kingeuzwa kama kipaza sauti chenye akili kidogo, pengine kingeishi.

---

MzaniMkimya · #24 · mleta mada

Mzee, umerudi kwangu: seva zikazimwa! Mnazunguka mbuyu kisha mnafika kwenye hoja ya #1.

---

BisibisiMoja · #25

Hapana, hicho kilikuwa kinaumwa kabla ya kuzimiwa seva. Joto, betri, majibu ya kuchelewa. Wewe ulisema kikiwa kizima.

Na kwa kuwa tumetaja joto: Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, zile taa tatu nyekundu za kuonyesha imekufa. Julai 2007 Microsoft waliongeza dhamana ikawa miaka mitatu kwa tatizo hilo na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Nionavyo chanzo ni sheria ya Ulaya ya kuondoa madini ya risasi kwenye lehemu, ya Julai 2006. Lehemu isiyo na risasi ni ngumu, ikipata moto na baridi mara nyingi inapasuka.

---

Kobe Mwendo · #26

Mzee wa bisibisi, tarehe zinakusuta. Mashine ilitoka Novemba 2005, sheria ikaanza kutumika Julai 2006.

---

BisibisiMoja · #27

Viwanda havisubiri tarehe ya mwisho, kaka. Vilihama mapema.

---

Kobe Mwendo · #28

Hilo linakubalika. Lakini kila mtu alitumia lehemu hiyohiyo na si kila kitu kilikufa. Tatizo lilikuwa joto na mahali pa kulipitisha.

---

Nyundo Butu · #29

Mimi nilisikia dawa yake ni kuifunga taulo na kuiwasha.

---

BisibisiMoja · #30

USIFANYE HIVYO. Ni kweli watu walifanya. Unaziba matundu ya hewa, inachemka, viungo vinajibana kwa muda, inawaka siku mbili tatu halafu inakufa kifo cha mende. Na unaweza kuchoma nyumba. Nimeletewa vifaa vyenye nyuzi za taulo zimegandia kwenye feni. Mwenyewe anaapa hajakigusa.

---

Sina Chaja · #31

Nyuzi ziliingia zenyewe kutafuta joto.

---

Kipepeo · #32

Msisahau Juicero. Mashine ya kukamua juisi, inaunganishwa na intaneti, ilianza kwa dola 699 ikashushwa hadi 399. Inakamua vifuko vyao tu, na kabla ya kukamua inasoma alama kwenye kifuko kujua kama muda wake haujapita. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg wakakibinya kifuko kwa mikono. Juisi ikatoka ileile. Septemba kampuni imefunga.

Hapa hakuna haraka, hakuna joto, wala haikuja mapema. Mashine ilikuwa imara mno, gia nzito, chuma kitupu. Hii ipo kundi gani?

---

JiniLaPrinta · #33

Kundi la printa. Alama kwenye kifuko ni sawasawa na ile chipu kwenye katriji. Kifaa ni chambo, wanachouza ni kile kinachokwisha. Ndiyo maana wino wa njano unanifungia skana: mashine si yangu, nimeazimwa ili niwe mteja. Na mzani wa mleta mada uleule, ulikuwa unauza taarifa za uzito wake, biashara ilipokufa hakukuwa na sababu ya kumpa namba.

---

Tarakimu · #34

Hilo la kuuza taarifa huna ushahidi nalo.

---

JiniLaPrinta · #35

Nina hasira nalo. Inatosha kwa usiku huu.

---

BisibisiMoja · #36

Mleta mada, tuache kesi. Mzani bado unao? Ugeuze. Kwenye kila mguu mmoja kuna kipande cha chuma chenye nyaya tatu. Hicho ndicho kinachopima, kikipinda kidogo upinzani wa umeme unabadilika. Viko vinne. Hakuna intaneti pale, hakuna akaunti. Chomoa bodi yao, unganisha vile vinne kwenye bodi ndogo ya kukuza ishara, HX711, halafu kwenye kompyuta ndogo yoyote unayoweza kuiandikia programu. Tarakimu atakupa mistari kumi.

---

Tarakimu · #37

Kumi na mbili. Nimekutumia faraghani.

---

MzaniMkimya · #38 · mleta mada

Nimefungua. Kweli vipo vinne, nyekundu, nyeusi, nyeupe kila kimoja. Bodi yao ni ndogo kuliko kidole gumba. Yaani kitu hiki ndicho kilichonikatalia. Ngoja nichomelee, narudi.

---

Nyundo Butu · #39

Tukisubiri: televisheni za 3D. Nani ana zile miwani bado?

---

Mzee wa Kasha · #40

Ninazo nne. LG na Sony waliachana nazo 2017. Wajukuu wanazichezea udaktari.

---

Dada Waya · #41

Kwa wanaopenda sheria: Umoja wa Ulaya umeamua kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Gundi inaondoka. Hamtaki kuniita mshindi?

---

Kobe Mwendo · #42

Kuna misamaha ndani yake, soma vizuri. Na betri inayotoka haikusaidii seva ikizimwa.

---

Dada Waya · #43

Wewe ungekuwepo siku ya harusi ungerekebisha tarehe kwenye keki.

---

MzaniMkimya · #44 · mleta mada

Umewaka!!! Nimepanda. Umesoma −61.

Kutoa. Sitanii. Nikishuka inarudi sifuri, nikipanda natoweka zaidi.

---

Sina Chaja · #45

Hongera mkuu, mlo umefanya kazi.

---

BisibisiMoja · #46

Hiyo ndogo. Umegeuza nyaya mbili za ishara, A+ na A−. Zibadilishane. Kisha hiyo 61 usiiamini, bado hujausawazisha. Weka chupa yenye lita moja ya maji, hiyo ni kilo moja pamoja na uzito mdogo wa chupa, ndipo urekebishe kizidisho kwenye programu.

---

Kobe Mwendo · #47

Lita moja ni nyepesi mno kwa mzani wa kilo mia na zaidi, kosa dogo litakuzwa. Tumia angalau lita ishirini.

---

MzaniMkimya · #48 · mleta mada

Sawa, natafuta ndoo. Ila swali: A+ na A− ni zile mbili za kushoto au za kulia? Maandishi kwenye bodi nimeyachoma na lehemu.